Uchambuzi wa kisa: nyumba iliyohamia maziwa ya lozi na bili ikapaa

Hiki ni kisa cha nyumba moja ya watu wanne, baba, mama, binti wa miaka 9 na mdogo wake wa kiume wa miaka 3, ambao waliacha maziwa ya ng'ombe kwa mkupuo wakahamia maziwa ya lozi, na baada ya muda bili ya maziwa ikawa imepanda zaidi ya mara mbili na nusu huku mezani hakuna hata mmoja anayefurahia anachokunywa. Mama mwenye nyumba ameniruhusu niandike yote isipokuwa jina lake, na alinipa risiti zake zote, kwahiyo hesabu za humu ni za nyumba ile ile ila nimezigeuza kuwa uwiano. Bei ya lita moja ya maziwa ya kawaida ya ng'ombe naiita 100, mengine yote napima kwa hiyo. Kwako uwiano unaweza kuwa tofauti, toa risiti zako ufanye hesabu hiyo hiyo, inachukua dakika chache tu.

Swali lake lilikuja hivi: "Dada, we niambie tu maziwa gani ya mimea ni matamu na hayali hela, ninunue hayo hayo basi." Namuelewa kabisa. Ila ndani ya hilo swali kuna maswali matatu yamefungwa pamoja: nani anayahitaji, anayaweka kwenye nini, na anataka yampe nini mwilini. Ukiyajibu yote matatu kwa boksi moja lazima mtu mmoja atanyimwa kitu na hela itapotea, na kwenye nyumba hii vyote viwili vilitokea.

Tuanze na chanzo. Mama alikuwa akinywa glasi kubwa ya maziwa tumbo linajaa gesi, linaunguruma, baadae anaharisha. Akaenda hospitali, akapimwa, akaambiwa ni laktosi, yani ile sukari ya asili ya maziwa. Hii si ajabu hata kidogo, utumbo unahitaji kimeng'enya kinachoitwa laktesi kuivunja hiyo sukari na kwa watu wengi kimeng'enya hicho kinapungua baada ya utoto, makadirio yanayotumika sana ni kwamba karibu asilimia 68 ya watu duniani hawaimeng'enyi laktosi vizuri. Ni tofauti kabisa na aleji ya protini ya maziwa, ambayo ni kinga ya mwili inapambana na protini na hapo hata tone linaweza kuleta balaa. Yeye alikuwa na hili la kwanza. Mume hana shida, binti hana shida, mdogo hana shida.

Sasa alipotoka hospitali akafikiria kama ambavyo mama wengi wangefikiria: sitaki kununua maziwa aina mbili, wote tuhame. Akachagua lozi kwa sababu kila mahali alikosoma lozi inasifiwa, kalori chache, nyepesi, ya kisasa. Akachukua ya bila sukari. Binti akaionja kwenye nafaka zake za asubuhi akasukuma bakuli. Mama akabadilisha akaleta ya vanila yenye sukari, binti akala, mama akaona amepatia. Mume akawa anaweka kwenye chai, chai inabaki na rangi ya maji ya kuoshea vyombo (maneno yake mwenyewe). Kahawa ya mama, ambayo anaipenda yenye maziwa mengi, ikawa haina mwili. Na kwa mdogo alikuwa anapanga kuleta maziwa ya mchele kwasababu ni matamu yenyewe na yalikuwa na bei nafuu kuliko lozi.

Hapo kwenye mchele ndipo nilipomwambia asimame kwanza, mengine yatasubiri. Mchele unanyonya aseniki, yani madini yenye sumu, kutoka kwenye udongo na maji kuliko nafaka nyingi, na huduma ya afya ya Uingereza inasema wazi kwamba watoto chini ya miaka 5 wasipewe maziwa ya mchele kwa sababu hiyo. Mtu mzima akinywa kikombe haijalishi, ila mtoto wa miaka 3 mwili mdogo na anakunywa kila siku, hesabu ni nyingine. Tena maziwa ya mchele yana protini kama gramu 0.3 kwa mililita 100, yale ya ng'ombe yana kama 3.4. Mtoto alikuwa anatolewa kwenye kikombe chenye chakula ndani yake anapelekwa kwenye kikombe cha maji matamu, na hana ugonjwa wowote unaomlazimisha. Nilimwambia, mrudishie mtoto maziwa yake leo leo. Akamrudishia.

Hilo likafungua swali la nani anahitaji. Nyumba ilikuwa inatumia lita 7 kwa wiki. Tulipokaa tukagawanya kwa matumizi, ya mama peke yake hayakuzidi lita 2, yani kahawa zake za asubuhi na jioni na bakuli la nafaka. Lita 5 zilizobaki ni za watu ambao matumbo yao hayana neno. Kwahiyo lita 5 kila wiki zilikuwa zinanunuliwa kwa bei ya tiba na watu wasioumwa! Na hata kwa mama mwenyewe, laktosi inaenda kwa kipimo, watu wengi wenye hali yake wanavumilia kama gramu 12 kwa mara moja hasa wakila na chakula kingine, na hiyo ni laktosi iliyomo kwenye kikombe cha kama mililita 250. Yeye akichovya maziwa kidogo kwenye chai hapati shida, akinywa glasi kubwa tumbo tupu anapata. Kwahiyo keki au chapati za maji zenye maziwa ya kawaida zinazoliwa na nyumba nzima hakukuwa na haja ya kuzibadilisha.

Kuna mtu atauliza, kwanini asinywe tu maziwa ya ng'ombe yaliyotolewa laktosi? Nilimuuliza hilo. Yale ni maziwa ya kawaida yaliyowekewa kile kimeng'enya kiwandani, laktosi inavunjwa inakuwa glukosi na galaktosi, ndo maana ni matamu zaidi mdomoni ingawa hayajaongezwa sukari. Dukani kwake yalikuwa 130. Kwa mtu ambaye shida yake ni tumbo tu na anataka bei na lishe, hayo yanashinda boksi zote za mimea nitakazozitaja hapa, nasema wazi ili usisome hadi chini ukadhani nimeficha. Ila yeye alikuwa na sababu ya pili, anataka kupunguza vitu vya wanyama kwenye mlo wake mwenyewe, na hilo ni lake kuamua mimi sina cha kupinga. Kwahiyo tukaendelea na mimea, kwa ajili yake.

Sasa bei. Kwa risiti zake: soya 150, oti 210, lozi 260. Oti zile za barista, yani za kuwekea kahawa, ambazo nitazieleza chini, 240. Ukiishia hapo utasema lozi ni ghali kuliko soya kwa mara moja na kitu, basi, mtu mwenye hela akipenda anaweza kuvumilia. Ila geuza boksi usome nyuma. Boksi lake la lozi liliandikwa lozi asilimia 2.5. Kwenye lita moja hiyo ni gramu 25, na punje moja ya lozi iliyomenywa ina uzito kama gramu moja na kitu, kwahiyo lita nzima ina punje kama ishirini. Nilimwambia azihesabu azimwage kwenye kiganja aone. Alizihesabu, akazitazama, akaniambia hizi si ndo nazitafuna nikiwa nasubiri maji yachemke. Ndiyo dada, ndizo hizo hizo, na vilivyobaki humo ndani ni maji, chumvi kidogo, gamu ya kuleta uzito ili yasionekane maji, kalsiamu na vitamini.

Kalsiamu na vitamini si kitu kidogo, narudi kwake. Ila protini tuiweke mezani. Kwa mililita 100 lebo zake zilisema soya 3.3, oti 1.0, lozi 0.5. Kwa lita ina maana gramu 33, 10 na 5. Gawanya bei kwa gramu: ng'ombe 100 kwa 34 ni kama 3 kwa gramu moja, soya 150 kwa 33 ni kama 4.5, oti 210 kwa 10 ni 21, lozi 260 kwa 5 ni 52. Rudia kusoma hiyo. Gramu moja ya protini kwenye boksi la lozi ilikuwa inamgharimu zaidi ya mara kumi na moja ya ile ya soya, na mara kumi na saba hivi ya ile ya ng'ombe, na yeye alikuwa anampa binti wa miaka 9 anayekua akiamini amempa kitu chenye nguvu sawa. Hapa mimi huwa nakereka kabisa, maana boksi limewekwa kwenye shelfu moja na maziwa, limechorwa kama maziwa, linamiminwa kama maziwa, mzazi atajuaje?

Simaanishi lozi ni mbaya. Kama unakula nyama, samaki, maharage na mayai kwa siku, protini ya kwenye kikombe haina umuhimu sana kwako na unalipia ladha tu, sawa, lipa ukijua unalipia ladha. Nyumba hii haikujua.

Kuna gharama nyingine ambayo haipo kwenye risiti, nayo ni kilichomwagwa. Boksi likishafunguliwa linakaa kwenye friji siku chache tu, mengi yanaandika 5 hadi 7, na kitu ambacho hakipendwi kinakaa hadi kinapitiliza. Kwa makadirio ya mama, robo ya kila boksi la lozi isiyo na sukari ilikuwa inaishia kwenye sinki. Sasa 260 gawanya kwa robo tatu zilizonyweka unapata karibu 347 kwa lita iliyoingia tumboni kweli. Mi napenda watu wahesabu hivyo, bei ya kilichonyweka, kwa sababu boksi la bei rahisi ambalo halinyweki ni ghali na boksi la bei ya juu linaloisha lote linaweza kuwa na nafuu.

Hapo ladha na bei zinakuwa kitu kimoja, na ndo maana nilitaka waonje upya, kwa namna nyingine. Walivyoonja mwanzo ilikuwa glasi ndogo ya baridi, kila mtu anapiga funda anasema hii tamu hii mbaya. Namna hiyo inapendelea kitu kitamu na chepesi, na hakuna mtu kwenye nyumba ile anayekunywa maziwa ya mimea hivyo. Kahawa ni moto na ina asidi, nafaka ni baridi na zina chumvi na sukari zake, chai ni nyepesi inaonyesha kila harufu. Kwahiyo tukaonja ndani ya kazi yenyewe, vikombe vimeandikwa chini, mwonjaji hajui kipi ni kipi.

Kwenye nafaka za asubuhi binti alipewa bakuli tatu. Lozi ya vanila ile aliyoizoea, soya bila sukari, na soya hiyo hiyo ambayo mama aliitia matone ya vanila na kijiko kidogo cha sukari kwa kikombe. Akachagua ya tatu, na alipoambiwa ni soya akasema soya ni mbaya yeye hapendi soya, huku anamalizia bakuli. Alichokuwa anapenda muda wote ni vanila na sukari. Angalia ilivyokuwa: mama alikuwa analipa 260 kumpatia mtoto vanila na sukari ndani ya punje ishirini za lozi. Na kwa vile binti hana shida ya tumbo, mwisho alirudi kwenye maziwa ya ng'ombe ambayo hayahitaji hata hiyo sukari. Lakini jaribio lile lilimsaidia mama mwenyewe, maana yeye ndiye anabaki na bakuli la soya kila siku na alikuwa anaogopa ladha yake.

Ladha ya soya inaogopwa kwa haki. Ile harufu ya maharage mabichi inatoka kwenye kimeng'enya kilichomo ndani ya soya, lipoksijenesi, ambacho soya ikisagwa na maji ya baridi kinakutana na mafuta yake na hewa, harufu inazaliwa hapo hapo na ikishazaliwa kuitoa ni kazi. Watafiti wa chuo kikuu cha Cornell, Marekani, miaka ya 1960 walionyesha kwamba ukisaga soya kwa maji ya moto sana kimeng'enya kinakufa kabla hakijafanya kazi, na viwanda vingi vya sasa vinafuata njia za aina hiyo, kwahiyo kama ulionja soya zamani ukaapa hutarudia, boksi la leo linaweza kukushangaza. Lozi kwenye nafaka ilikuwa nyepesi, harufu ya lozi kwa mbali na uchungu mdogo mwishoni. Oti ilipendwa na wote, ina utamu wa nafaka na inashika ulimi. Nazi ya boksi (hii ya kunywa, tofauti na tui zito la kupikia) tuliijaribu mara moja tu, harufu ya nazi inatawala kila kitu na protini karibu hamna, tukaiacha.

Kwenye chai, mume alisema ng'ombe basi, na hana sababu ya kuacha, tukapita.

Kahawa ndo ilichukua muda. Soya ilipomiminwa kwenye kahawa ya moto sana ilifanya kile kitu ambacho wengi mmekiona: sekunde chache iko sawa, halafu vinaanza vipande vidogo vyeupe vinapanda juu vinazunguka, kahawa chini inabaki na rangi ya chai kavu, ukikoroga vinavunjika vinakuwa kama mchanga kisha vinarudi. Mama alidhani yameharibika akataka kumwaga boksi zima. Hayajaharibika. Kahawa ina asidi, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikishuka asidi inazidi) inazunguka 5, na protini ya soya inapokaribia pH ya 4.5 hivi inapoteza uwezo wa kujitenga, inashikana, joto linaharakisha. Dawa yake: acha kahawa ipoe kidogo, pasha soya yenyewe taratibu, halafu mimina kahawa juu ya soya kidogo kidogo badala ya kurusha soya ya baridi kwenye kahawa inayochemka. Na kahawa iliyokaangwa sana huwa na asidi ndogo kuliko iliyokaangwa kidogo, hilo nalo linasaidia. Alipofanya hivyo ikatulia, ila alisema ladha ya soya na kahawa hazimkai. Hiyo ni ladha, hakuna hesabu inayoishinda.

Oti ya kawaida haikukatika ila ilikuwa nyembamba. Oti ya barista ikampata moja kwa moja. Tofauti yake ni vitu viwili ambavyo utavikuta kwenye lebo, mafuta zaidi, mara nyingi ya kanola, yanayoleta ule uzito wa krimu na povu zuri, na chumvi ya fosfeti inayozuia asidi ya kahawa isiyavuruge. Utamu wake nao una historia yake. Oti ni wanga, ukiusaga tu na maji unapata uji, na miaka ya 1990 Rickard Öste na wenzake wa chuo kikuu cha Lund, Uswidi, walitumia vimeng'enya kuuvunja huo wanga uwe kimiminika, kazi iliyozaa kampuni ya Oatly. Wanga ukivunjwa unatoka moltosi, ambayo ni sukari. Ndo maana boksi linaweza kuandikwa halijaongezwa sukari na likawa tamu na bado likaonyesha gramu 3 au 4 za sukari kwa mililita 100. Kwa mama haikuwa tatizo, ila kama una kisukari nyumbani soma mstari huo, usisome maandishi makubwa ya mbele.

Baada ya hapo akaja na wazo la kutengeneza mwenyewe, na nililipenda kwa sababu ndilo linabadilisha bei kweli kweli. Alianza na oti akapata ute. Yani alichuja na kitambaa, akakamua kwa nguvu zote ili asipoteze kitu, na kilichotoka kilikuwa kinavutika kutoka kwenye vidole. Oti ina wanga na nyuzinyuzi za betaglukani, ukiziloweka muda mrefu, ukisaga sana, blenda ikapata moto, au ukikamua kitambaa, vyote hivyo vinatoka na ute unakuja. Maji ya baridi kabisa, usiloweke, saga sekunde 30 tu, chuja bila kukamua. Yakatoka vizuri, gramu 90 kwa lita, ila kwa nafaka za baridi tu, kwenye kahawa ya moto yanageuka uji mwepesi kwa sababu wanga wake haujavunjwa kama wa kiwandani. Hilo hakuna ufundi wa jikoni wa kulimaliza kirahisi.

Lozi ya nyumbani aliifanya kwa ile kanuni ya kikombe kimoja kwa vikombe vinne vya maji, kama gramu 140 kwa lita. Ilikuwa tamu sana, ladha nzuri kuliko zote, wala haifanani na ya boksi, na haiwezi kufanana maana hapo una lozi zaidi ya mara tano. Bei yake nayo ikawa juu ya boksi. Basi inabaki kitu cha sikukuu.

Soya ya nyumbani ndo iliyoshangaza nyumba. Gramu 100 za soya kavu zikilowekwa usiku, maji yanamwagwa, zinatumbukizwa kwenye maji yanayochemka dakika chache, zinasagwa na maji ya moto (mfuniko wa blenda uachie mwanya mvuke utoke na ushikilie kwa kitambaa, usijaze, watu wameungua), zinachujwa, halafu maziwa yanarudi jikoni yachemke taratibu dakika 15 hadi 20 huku unakoroga. Hii hatua ya mwisho usiiruke hata kama umechoka, soya mbichi ina vizuizi vya kumeng'enya protini na tumbo litakusumbua. Na kaa karibu na sufuria, soya inatoa povu linalopanda ghafla kabla hata haijachemka sawasawa, linamwagika kote. Inatoka kama lita moja. Kwa hesabu ya mama, soya na nishati pamoja ilikuwa kama 25. Ishirini na tano, wakati boksi ni 150!

Akataka aache maboksi yote. Hapo nilimpinga. Boksi lake la soya lina kalsiamu ya kuongezwa miligramu 120 kwa mililita 100, karibu sawa na ya ng'ombe, pamoja na vitamini B12 na D. Ya nyumbani haina nyongeza yoyote, kalsiamu yake ya asili ni ndogo na B12 haina kabisa, na yeye ndo kwanza anapunguza vitu vya wanyama. Kwahiyo bakuli la kila siku linabaki la boksi, na alitikise vizuri kabla ya kumimina kwa sababu kalsiamu inatuama chini, mtu anaweza kunywa boksi zima na kuitupa kalsiamu aliyoilipia pamoja na masalia. Ya nyumbani inaenda kwenye mapishi yake, supu na mikate, pale ambapo anahitaji wingi. Pia nilimwambia aangalie iodini kwenye lebo, watu wengi wanaipata kwenye maziwa ya ng'ombe bila kujua na maboksi mengi ya mimea hayajaongezewa.

Mpango waliobaki nao ni huu. Lita 5 za ng'ombe kwa baba na watoto, 500. Boksi moja la soya bila sukari kwa bakuli la mama, 150. Boksi moja la oti ya barista kwa kahawa yake, 240. Jumla 890 kwa wiki. Kabla ya kuhama walikuwa 700, walipohamia lozi wote walikuwa 1820. Tofauti ya 190 juu ya bili ya zamani ndiyo gharama halisi ya tumbo la mama na uamuzi wake, na alisema hiyo anaimudu bila kunung'unika. Sinki halipati kitu tena, boksi zote mbili zinaisha ndani ya siku zake.

Wiki iliyofuata binti aliomba ile soya ya vanila irudi Jumamosi. Mama anaitengeneza kwa ile ya nyumbani.